Gari la 1965 halina kompyuta, lataka mikono yako

Ukipita kutoka Kengeleni kuelekea soko la Kongowea asubuhi, utahesabu tuktuk, boda, matatu na malori ya viazi mpaka uchoke. Gari la michezo la Mwingereza, lile fupi la viti viwili na paa la turubai, huenda usihesabu hata moja. Ukiliona, mara nyingi ni kwenye simu: MG nyekundu inang'aa, mzee wa kofia anaiendesha polepole katika kijiji fulani cha Uingereza, kisha kidole chako kinasukuma video nyingine ije.

Kabla hujasukuma, jiulize swali moja. Gari lililotoka kiwandani mwaka 1965 linawezaje kuwaka leo? Usiseme ni hela tu. Hela inanunua spea, lakini hela haijui kwa nini injini inakohoa ikipanda daraja. Gari hilo linawaka kwa sababu kuna mtu anayejua kufungua, kusikiliza, kuchomelea, kushona na kufunga upya. Na ujuzi wa namna hiyo ukiutafuta Mombasa, hutaanzia kwenye maduka ya vioo ya Nyali. Utavuka barabara uje Kongowea, kwa mafundi wa jua kali.

Ndiyo maana makala haya ni yako wewe uliyemaliza shule juzi, huna gari, na pengine huna hata leseni. Klabu ya magari ya kale si ya wenye magari pekee. Nusu yake ni gereji, na hiyo nusu unaweza kuidai bila kumiliki hata tairi.

Klabu ni chama, ila chama cha vyuma

Tuanze na magari yenyewe. MG ni kifupi cha Morris Garages, gereji ya mjini Oxford, na kwa miaka mingi magari yake yalitengenezwa Abingdon, si mbali na hapo. Triumph ilitoka Coventry na gari lake la michezo lilijulikana kwa herufi TR. Kulikuwa na Austin-Healey, kulikuwa na Lotus, na mwaka 1961 Jaguar wakatoa E-Type, gari ambalo hata asiyejua magari huligeukia.

Lililouzwa kwa wingi zaidi katika hadithi yetu ni MGB. Lilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha aina zake zote yalitoka zaidi ya 500,000. Siri yake ni kwamba ndani halikuwa na miujiza. Injini yake ya silinda nne, lita 1.8, ilikuwa ya ukoo mmoja na injini za magari ya kawaida ya familia, yale Austin na Morris ambayo babu yako huenda aliyapanda kama teksi. Mwingereza alichukua mashine ya kwenda nayo sokoni, akaivisha nguo ya kwenda nayo harusini.

Mwaka 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa. Hapo ndipo ungedhani hadithi imeisha: kiwanda hakipo, spea zitaisha, magari yatakuwa makopo. Haikuwa hivyo. Wenye MG walikuwa na klabu yao, MG Car Club, tangu 1930. Mwaka 1975 ilikuwa imeanzishwa British Motor Heritage, kampuni ya kulinda spea na vifaa vya magari ya aina hii. Mwaka 1988 kampuni hiyo ikaanza kutengeneza bodi mpya kabisa za MGB kwa kutumia mashine zilezile za zamani za kukunjia bati. Yaani kiwanda kimezikwa, lakini miaka minane baadaye bodi mpya zinazaliwa.

Hivyo ndivyo klabu inavyofanya kazi, na wewe uliyekulia kwenye vyama utaielewa haraka. Watu kumi wenye gari la aina moja wanaagiza spea pamoja ili usafiri uwe nafuu. Mwenye kitabu cha ufundi anakiazimisha. Mwenye kifaa adimu cha kung'oa beringi hamwachii jirani anunue kingine. Siku fulani ya mwezi wanakutana kwa mmoja wao, wanafungua gari moja, na asiyejua anajifunza kwa kushika tochi. Siku nyingine wanatoka msafara, kwa sababu gari lisiloendeshwa hufa: mipira hukauka, breki hushika, petroli huoza tangini.

Kenya tuliingiaje humu?

Februari 1952, binti mfalme Elizabeth alikuwa Kenya, kule Treetops karibu na Nyeri, babake alipofariki naye akawa malkia. Mwaka uliofuata, wapenda magari wa Afrika Mashariki wakaandaa mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwake. Yaliitwa Coronation Safari. Usisahau mazingira ya wakati huo: Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wengine walikuwa wakikimbiza magari, wengine wakikimbizwa msituni. Kwa hivyo ukisikia mzee akisema magari hayo yalikuwa ya mkoloni, hakukosea.

Lakini hadithi ilibadilisha wenyewe. Mwaka 1965 mashindano hayo, yakiitwa tayari East African Safari, yalishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Alikulia kwenye spana na grisi. Akarudia ushindi 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Timu za viwanda zilikuja na ndege na mahema, na fundi wa Kenya akazionyesha njia ya kurudi uwanja wa ndege.

Magari ya Mwingereza nayo yalipata siku zake. Mwaka 1964 Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young ilishinda. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kulitwaa taji hilo. Mwaka 1977 Björn Waldegård wa Uswidi akashinda, pia kwa Escort. MG na wenzake wa viti viwili hawakuwahi kushinda Safari, na ukiyaona utajua sababu. Tumbo la gari limekaribia ardhi kiasi kwamba tuta la mtaani tu ni mtihani, sembuse matope ya masika.

Kisha ikaja Safari ya magari ya kale. Tangu 2003, East African Safari Classic Rally imekuwa ikikusanya magari ya zamani na kuyarudisha kwenye vumbi, na mara kadhaa imeanzia au kuishia hapa Mombasa. Mwaka 2007 Waldegård yuleyule alishinda tena kwa Escort, miaka 30 baada ya ushindi wake wa 1977, na safari hii msaidizi wake kwenye kiti cha pili alikuwa mwanawe, Mathias. Carl Tundo, mmoja wa mabingwa wa Kenya, amewahi kushiriki kwa Triumph TR7, gari la michezo la Mwingereza lililopandishwa miguu na kuimarishwa tumbo. Kumbe inawezekana.

Ukienda Nairobi kuna jambo jingine, la taratibu zaidi. Tangu 1970, klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa Concours d'Elegance, ambayo imezoeleka kufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Hapo hakuna anayekimbia. Majaji wanachungulia injini, wanalala chini kuangalia tumbo la gari, wanafungua buti, wanakagua viti. Anayeshinda ni aliyelitunza. Na unapomwona mwenye gari akipokea kombe, jua kuna fundi mahali fulani ambaye kucha zake bado hazijatakata.

Spana ya 13 haitoshi

Sasa tuingie gereji. Tuseme jirani yenu ana MGB ya 1965 iliyolala chini ya mwembe tangu babake afariki. Anakuita: mwanangu, wewe si unafanya ufundi pale, hebu njoo uone. Unabeba spana zako unaenda. Dakika ya kwanza tu, unakwama.

Spana zako ni za milimita. Gari la Mwingereza wa enzi hizo lilifungwa kwa inchi. Nati nyingi utakazokuta zinataka spana ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Spana yako ya 13 itaingia, ndio, lakini inacheza kidogo. Nati ikiwa imeshika kutu, hako kanafasi kadogo kanatosha kuila pembe zote, na nati ikishakuwa duara umejitafutia kazi ya kuchomelea. Ile ya 7/16 ni milimita 11.1: spana ya 11 haiingii, ya 12 inapwaya. Kwa hivyo somo la kwanza la gari hili ni la kinyenyekevu: nunua seti ya spana za inchi, hata ya mtumba, kabla hujagusa chochote.

La pili ni umeme. Kwenye gari ulilozoea, upande hasi wa betri ndio umefungwa kwenye bodi. Kwenye MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967, ni upande chanya. Ukifunga redio ya kisasa au chaja ya simu kwa mazoea, utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Na usishtuke ukikuta betri mbili nyuma ya viti: kila moja ni ya volti 6, zimeunganishwa kwa mfuatano kupata 12.

Vifaa vya umeme vya magari haya vilitoka kampuni ya Lucas, na wenyewe wamezoea kumtania Joseph Lucas kuwa ni mwana wa mfalme wa giza, kwa jinsi taa zilivyopenda kuzima. Lakini mara nyingi kosa si la Lucas. Waya ziliunganishwa kwa vichwa vidogo vya umbo la risasi, na vichwa hivyo vikipata unyevu vinaota ukungu wa kijani na umeme unapita kwa taabu. Dawa yake ni kuvisafisha kimoja kimoja mpaka ving'ae. Uzuri ni kwamba waya zina lugha. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni moto wa swichi, kijani imepitia fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ardhi. Ukishaishika lugha hiyo, unasoma gari zima kama ubao wa darasani.

La tatu ndilo tamu: kabureta. MGB ina mbili, aina ya SU. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuata pumzi ya injini. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongoka, na sindano hiyo imetumbukia kwenye tundu la petroli. Ukikanyaga, hewa inavutwa zaidi, pistoni inapanda, sindano inanyanyuka, tundu linafunguka, petroli inaongezeka. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Juu kabisa kuna kikopo chenye oili kidogo, ambacho kazi yake ni kuizuia pistoni isirukeruke. Oili hiyo ikiisha, gari linashtuka na kukwama kila ukikanyaga mafuta, na fundi asiyejua atabadilisha plagi, pampu, hata atataka kufungua injini, kumbe ni vijiko viwili vya oili.

Kuziweka kabureta hizo mbili zivute sawa, mafundi wa zamani hawakuhitaji mashine. Walichukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wakasikiliza mluzi. Huku ukivuma zaidi kuliko kule, unageuza skrubu mpaka milio ifanane. Na hapa kijana wa boda usinune: kabureta za pikipiki nyingi zinafuata kanuni hiyohiyo ya pistoni na sindano. Aliyewahi kusafisha ya pikipiki hapa Kongowea tayari yuko nusu ya safari.

La nne ni petroli yenyewe. Magari haya yaliundwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa ikilinda viti vya vali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia 2006, na dunia nzima ikamaliza 2021 Algeria ilipouza ya mwisho. Lilikuwa jambo jema, kwa sababu risasi ilikuwa ikiumiza akili za watoto. Ila ina maana kichwa cha injini ya zamani kikifunguliwa, ndio wakati wa kuweka viti vya vali vya chuma kigumu. Kazi hiyo ni ya karakana ya mashine, na ni ya usahihi.

Adui mkubwa yuko hewani

Haya yote yanarekebishika. Kinachoua magari pwani ni chumvi. Wewe unaijua: mabati ya nyumbani, geti, hata friji, vyote vinaliwa. Sasa kumbuka kuwa MGB haina fremu ya chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na mfupa mkuu ni ule mhimili wa bati unaopita chini ya mlango, upande huu na upande ule. Kutu ikiula kutoka ndani, nje utaona rangi imetuna kidogo tu, kama kipele.

Kuna kipimo cha bure. Fungua mlango, inua gari kwa jeki kutoka nyuma, kisha jaribu kuufunga. Ukigoma kufunga, gari linajikunja katikati, na uti wake umeoza. Fundi anayelijua hatakata bati kwanza. Atalisawazisha gari juu ya vishikio imara, ataiacha milango mahali pake kama kipimo, ndipo akate na kuchomelea kidogo kidogo huku akiangalia nafasi za milango. Asiyejua atalichomelea likiwa limepinda, na litabaki limepinda maisha yake yote, hata ulipake rangi ya dhahabu.

Kuna na hatari ambazo hazionekani. Pedi za breki na klachi za zamani nyingi zilikuwa na asibesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa kama unavyofanya kwa matatu. Lilowanishe, lipanguse, vaa barakoa. Na kamwe usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fundi asiyekuambia hayo mawili, mshukuru kwa chai na uondoke.

Klabu ambayo haijajijua

Sasa hesabu mahitaji ya gari hilo la mwembe. Anatakiwa mchomeleaji wa bati jembamba. Anatakiwa wa kunyoosha bodi na wa rangi. Anatakiwa wa waya. Anatakiwa wa radieta, wa kuziba shaba bila kuitoboa zaidi. Anatakiwa wa kushona paa la turubai na viti. Anatakiwa wa kabureta.

Sasa angalia Mombasa inavyopamba matatu zake. Nani anashona vile viti? Nani anachora zile kuta na kufunga zile taa zisizokwisha? Nani anaziba mabati yaliyoliwa na chumvi mpaka gari linapita ukaguzi? Ni vijana wa rika lako, Kongowea, Kisauni, Changamwe, kote. Mikono ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuikusanya, na mzee wa kuieleza tofauti ya inchi na milimita.

Hapo ndipo penye shida ya kweli. Kwa kanuni ya kawaida ya Kenya, gari la mtumba halifai kuzidi miaka minane linapoingizwa nchini. Tafsiri yake ni kwamba huwezi kutegemea meli ituletee MG za 1965 kama inavyoleta Vitz. Magari ya zamani yaliyoko ni yale ambayo tayari yako hapa, kwenye maboma na chini ya miembe. Moja likiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, limeondoka. Na fundi aliyelijua akifariki, ameondoka na kitabu ambacho hakikuandikwa.

Utasema: lakini tuktuk sasa zinakuja za umeme, kabureta ya nini? Hoja ni nzito, na jibu si kwamba kabureta itarudi kutawala dunia. Jibu ni kwamba gari lisilo na kompyuta linakufundisha kufikiri. Mashine ya kusoma makosa ikikuambia "sensa namba fulani", unabadilisha sensa. Gari la zamani halikuambii kitu. Lina moto? Lina petroli? Lina hewa? Unaulizana nalo hatua kwa hatua mpaka likiri. Anayeweza kufuata waya ya kahawia kutoka betri hadi swichi hatapotea akikutana na waya za umeme wa tuktuk, maadamu atajifunza pia kuheshimu volti zake kubwa.

Utasema tena: haya ni mambo ya matajiri. Kumiliki ni ya matajiri, mara nyingi, sikatai. Kutengeneza ni ya anayejua, na anayejua kitu ambacho watu wachache wanakijua ndiye anayetaja bei. Mwenye gari la mashindano ya kale anayefika Mombasa likiwa na kabureta inayokohoa hatakuuliza cheti kwanza. Atakuuliza: unalijua hili?

Uanze wapi basi?

Usianze na kununua gari. Anzeni watu watano au sita wenye kazi tofauti: wa bodi, wa waya, wa injini, wa kushona, na mmoja mwenye kichwa cha hesabu na simu nzuri. Dada mwenye hamu asiambiwe akae kwenye hesabu tu. Kabureta haijui ni kidole cha nani. Changeni kama chama, na mchango wa kwanza uende kwa spana za inchi na vishikio vya kuinulia gari.

Kisha tafuteni gari la kujifunzia. Si lazima liwe MG. Land Rover ya zamani, Mini au Morris ya shambani itawafundisha mengi yaleyale: spana za inchi, vifaa vya Lucas, mara nyingine hata kabureta ya SU. Ombeni mwenyewe awaachie mlifungue kwa makubaliano yaliyoandikwa: nani analipia spea, gari ni la nani likiwaka, na likikataa itakuwaje. Undugu ni mzuri, karatasi ni nzuri zaidi.

Pigeni picha kila hatua kabla ya kufungua. Kila nati na mfuko wake, kila mfuko na jina lake. Vitabu vya ufundi vya magari haya vilichapishwa kwa wingi na bado vinapatikana, na vilabu vya nje vina mazoea ya kujibu maswali ya mtu aliye na picha nzuri na swali fupi.

Msilikimbilie kuliwasha. Gari lililolala miaka kumi likipigwa stata siku ya kwanza linaweza kujivunja lenyewe. Toeni plagi, tieni oili kidogo kwenye silinda, lizungusheni kwa mkono. Mwageni petroli ya zamani, safisheni tangi. Breki kwanza, mwendo baadaye. Siku likishika moto na kusimama pale unapoliambia lisimame, ndio mpange msafara wa Jumapili asubuhi kuelekea Mtwapa na Kilifi, mapema kabla foleni haijaamka, na spana zikiwa kwenye buti.

Na mwenye ujuzi wa kazini ambaye hana karatasi, kuna mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia Gredi ya III kupanda hadi ya I. Kazi ya gari la kale itakupa mikono. Gredi itakupa mlango wa ofisi ambazo haziangalii mikono.

Lakini kabla ya yote hayo kuna jambo moja ambalo halingoji mchango wala spana. Mtaani kwenu kuna mzee aliyekuwa akitengeneza Austin, Morris na Anglia zilipokuwa teksi za mji huu. Huenda sasa anauza maji au amekaa barazani tu na miwani yake. Jumamosi hii mpelekee kahawa na mahamri, umsalimie vizuri, kisha umuulize: babu, ile SU mlikuwa mnaisikilizaje? Omba ruhusa, weka simu irekodi, halafu nyamaza umwache aseme.